Tsavo Mashariki kwa lango la Sala: mwongozo wa msafiri anayetoka Malindi

Anayekaa Malindi, au aliyefikia Malindi kwa mapumziko, hana haja ya kupitia Mombasa ndipo aone wanyama. Ukishika barabara ya Ganda, Kakuyuni, Kakoneni na Langobaya ukaelekea magharibi, baada ya kama kilomita 110 unafika lango la Sala, na hapo ndipo Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Mashariki inapoanza. Wageni wengi huingilia Voi kwa sababu ya barabara kuu na treni. Upande wa Sala magari ni machache, na mto Galana unaanza kukufuata mkono wa kulia tangu mwanzo. Ni maji hayohayo yanayomwagika baharini pale Sabaki na kuipaka bahari yetu wekundu mvua zikinyesha bara.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1948 na ina kilomita za mraba 13,747. Haizunguki mtu kwa siku moja, wala kwa siku tatu. Safari nyingi za kutoka Malindi huharibika kwa sababu dereva na abiria wanataka wafike Voi, waone bwawa la Aruba, waone maporomoko ya Lugard, kisha warudi kulala nyumbani. Wanachokipata ni vumbi na maumivu ya mgongo. Ushauri wetu wote unasimama juu ya mambo mawili: ushike mto, na uishike saa.

Saa za kwenda

Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Wanyama hutembea kuanzia alfajiri hadi kama saa 4, kisha jua likiwa kali hulala vivulini mpaka saa 9 na nusu au saa 10 alasiri. Sasa piga hesabu. Ukitoka Malindi baada ya sala ya alfajiri, saa 11 na robo, utafika Sala karibu saa 2. Ukimaliza mambo ya lango, umebakiwa na saa moja na nusu tu ya asubuhi nzuri. Ukianza kupaka mahamri samli na kumsubiri binamu ambaye hajaamka, umekwisha kukosa yote.

Kuondoka saa 9 usiku ili uwahi lango si suluhisho. Njia ni ya porini, ng'ombe na mbuzi hulala barabarani, tembo huvuka nje ya hifadhi bila kumwuliza mtu, na gari likiharibika gizani huna wa kukusaidia.

Suluhisho ni kulala huko usiku mmoja. Ondoka Malindi saa 2 asubuhi kwa utulivu, fika saa 5, pumzika kambini wakati wa joto, toka saa 9 na nusu hadi jioni, kisha kesho yake uwe njiani saa 12 kamili asubuhi. Hapo umepata vipindi viwili vizima vya wanyama kwa gharama ya usiku mmoja. Kuna kambi ndani ya hifadhi, na kuna nyingine nje ya lango ukingoni mwa mto. Ukilala nje, hulipii hifadhi kwa jioni ambayo hukuingia, lakini uliza kabla: kutoka kambini hadi lango ni dakika ngapi? Ikizidi 20, utapoteza ile nusu saa ya kwanza ambayo ni bora kuliko mchana kutwa.

Msimu nao una mtego wake kwa mtu wa pwani. Mwezi Juni Malindi kunaweza kuwa kunanyesha bado, na watu wanadhani bara nako ni matope, kumbe Tsavo imeshakauka. Mvua za kule hunyesha zaidi Machi hadi Mei, na Novemba na Desemba. Kuanzia Juni hadi Oktoba vidimbwi vya ndani hukauka kimoja kimoja na wanyama wanalazimika kusogea Galana. Agosti, Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya mto. Januari na Februari pia ni pakavu, na wakati huo ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia bado wapo. Novemba ni nzuri kwa macho, kila kitu kijani, lakini tembo wametawanyika na vichaka vimejaa majani. Umbali wa mita 15 unaweza kumpita chui usimwone.

Tiketi na kitambulisho

Malango ya KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori Kenya, hayapokei fedha taslimu. Lipa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, ukiwa bado mjini, mahali penye mtandao, halafu upige picha ya skrini ya risiti, maana pale lango mtandao hukatika na wengine hukaa nusu saa juani wakiinua simu juu. Bei hubadilika, basi itazame siku ileile unayolipa, usitegemee aliyoilipa jirani yako mwaka jana.

Mkenya analipa bei ya raia akionyesha kitambulisho. Asiye nacho ataambiwa alipe bei ya mgeni, na tofauti yake ni kubwa. Kwa watoto chukua vyeti vya kuzaliwa au vitambulisho vya shule. Gari nalo hulipiwa kwa kadiri ya viti, kwa hiyo mkiwa watu 5 ndani ya basi dogo la viti 14 mnalipia viti ambavyo hamna wa kuvikalia. Soma pia muda wa tiketi ulioandikwa kwenye risiti na uupange mwendo wako uishie ndani ya muda huo.

Ukinunua safari kwa wakala, dai mambo manne kabla ya kutoa arbuni: ofisi yenye leseni ya Tourism Regulatory Authority (mamlaka ya serikali inayosimamia biashara ya utalii), risiti, maandishi yanayosema kama kiingilio kimo ndani ya bei au la, na dereva mwenye beji ya KPSGA, chama cha waongoza safari Kenya (ina daraja la shaba, fedha na dhahabu). Bei ya ufukweni iliyo chini sana kuliko za wengine kwa kawaida imeacha kiingilio nje, au imeweka watu 9 kwenye gari la watu 6. Kila abiria awe na dirisha lake. Hilo liandikwe.

Gari

Lililo bora ni Land Cruiser lenye paa la kufunguka. Gari dogo la mjini linaweza kufika Sala wakati wa ukavu, lakini ndani utakaa chini sana kuona juu ya nyasi, na mawe yatakula chini ya injini. Mvua zikianza, sehemu zenye udongo mweusi hugeuka sabuni, na hapo hata gari la kuvuta magurudumu yote hupata taabu. Uliza hali ya barabara wiki ileile. Madereva wa magari ya abiria ya Langobaya hujua zaidi ya ramani yoyote ya simu.

Jaza tangi Malindi, usiseme utaongeza mbele. Hakikisha tairi la akiba lina upepo. Hili ndilo watu husahau kabisa: tairi lipo, jipya, limekaa nyuma miezi mingi, halina kitu ndani. Yafaa kuwa na mawili. Beba jeki, spana ya nati ya gari lako hasa, pampu ya upepo, kamba ya kuvutia, sepetu, na kipande cha ubao wa sentimita 30 kwa 30. Ubao ni wa kuweka chini ya jeki, kwa kuwa kwenye mchanga jeki huzama na gari halinyanyuki.

Ukiingia kwenye barabara ya changarawe yenye mikunjo midogomidogo, punguza upepo wa tairi. Kama ulikuwa paundi 36 kwenye lami, shusha hadi 28. Tairi hulainika, gari huacha kutetemeka, na mawe makali hayalipasui kwa urahisi. Mwendo ndani ya hifadhi ni kilomita 40 kwa saa, usizidishe. Anayeendesha 60 haoni chochote isipokuwa tembo, na vumbi lake huwaharibia walio nyuma.

Maji, chakula, nguo

Lita 4 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, na jerikeni la lita 20 la gari na la kunawa. Chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa tangu 5 Juni 2020, kwa hiyo jaza vyombo vya kudumu.

Mahamri husafiri vizuri, mbaazi za nazi hazisafiri. Tui huchacha kabla ya adhuhuri kwenye joto la Tsavo, na mtu mwenye tumbo linalosokota ndani ya gari asiloruhusiwa kushuka ni mateso kwa wote. Chukua mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, tende, karanga, chapati kavu. Machungwa na ndizi ziache nyumbani au zifungie vizuri kabisa: harufu yake huita nyani, tumbili na hata tembo, na nyani akishazoea kunyang'anya watu huishia kuuawa kwa kosa lisilo lake. Tumieni choo pale lango. Wasafiri Waislamu wengi huona wepesi kuswali langoni au kambini na kujumuisha adhuhuri na alasiri, kwa kuwa njiani hakuna pa kushuka.

Nguo ziwe za rangi ya udongo au majani makavu. Buluu na nyeusi huwavutia mbung'o, na mdudu huyo huuma hata juu ya kitambaa. Mwenye kuvaa buibui apate la rangi nyepesi. Leso mbili za ziada zina kazi nyingi: moja ya kuzuia jua dirishani, moja ya kufunika kamera na darubini. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, kioo cha mbele milimita 42) yatosha, na moja ya kushirikiana watu sita italeta ugomvi; jitahidini muwe na mbili. Usiku, chandarua na dawa ya kufukuza mbu, kama nyumbani.

Ndani: fuata mto

Kutoka Sala njia inakwenda magharibi ukingo wa kusini wa Galana, na vijia vidogo vinachepuka kushuka hadi majini, penye mikoma. Ingia kwenye vijia hivyo. Simama, zima injini, kaa dakika 15 kabla ya kusema hapana kitu. Viboko huonyesha kwanza masikio na pua tu. Mamba hufanana na gogo hadi utambue kuwa gogo lina mkia. Kuro, swala wakubwa wa kando ya mito, hawaendi mbali na maji. Ukiwaona, mto uko karibu hata kama huuoni.

Makutano ya njia yana nguzo za mawe zenye namba. Piga picha kila namba unayoipita. Ramani ya simu ikizima, picha hizo ndizo zitakazokurudisha, na ukimweleza askari kuwa ulimwona duma, namba ya makutano inamtosha kufika.

Kumtazama mnyama porini kuna ufundi. Vichaka vya Tsavo vimesimama wima, matawi wima, mashina wima. Basi tafuta mstari uliolala: mgongo. Tazama kwanza vivuli vya mbali, kisha vya kati, kisha vya karibu, kwa sababu macho yasiyozoea huanza karibu na kukwama hapo. Ukiona twiga watatu wamesimama wote wakitazama upande mmoja bila kutafuna, nenda upande huo polepole. Tai waliotua kwenye matawi ya chini wanangoja nafasi, maana yake mwenye nyama bado yupo chini.

Usimdharau mnyama mdogo wa nchi kame. Swala twiga husimama kwa miguu miwili ya nyuma, akaegemeza ya mbele kwenye matawi, na kula majani ambayo swala mwingine hayafikii. Hupata sehemu kubwa ya maji yake katika majani hayo. Choroa ana pembe mbili zilizonyooka kama mikuki, na huvumilia joto ambalo lingemwua ng'ombe. Tandala mdogo hujificha kwenye vichaka vizito na huonekana zaidi mapema asubuhi. Hawa hawapo Maasai Mara. Mtu aliyetoka mbali akaondoka Tsavo bila kuwatazama vizuri amepoteza nauli.

Maporomoko ya Lugard, yaliyopewa jina la Frederick Lugard aliyepita huko mwaka 1890, ni maji yanayojipenyeza kwa kasi kwenye miamba iliyochongwa na mto. Hapo ni miongoni mwa pahala pachache panaporuhusiwa kushuka garini. Miamba ni laini na huteleza hata ikiwa mikavu. Kaeni mbali na ukingo, mshikeni mtoto mkono, na msishuke majini, mamba wako hapo chini. Ng'ambo ya pili unaona uwanda wa Yatta, lava iliyomwagika zamani ikaganda, na sasa umenyooka kama ukuta kwa karibu kilomita 300. Usivuke kwenda kaskazini ya mto bila idhini ya KWS.

Aruba na Voi ziache kwa anayelala usiku wa pili. Kwenda Aruba na kurudi Sala ni zaidi ya saa 4 za kuendesha tu, kwa mwendo wa 40.

Tembo

Tembo wa Tsavo ni wekundu kwa sababu ya udongo wa huko. Mkiwa mtoni mtazame mmoja kwa makini: anaingia majini mwekundu, anatoka karibu mweusi, unaona mikunjo yote ya ngozi na nywele chache za mgongoni zinang'aa. Hapandi ukingo mbali kabla hajachota vumbi kwa mkonga, akalirusha begani, mgongoni, nyuma ya masikio. Vumbi linashika kwenye maji, na baada ya muda mfupi amerudi rangi yake. Ni kinga ya jua na wadudu. Kaeni muone hadi mwisho. Dereva mwenye haraka mwambieni asubiri.

Umbali usipungue mita 20, na uache njia ya kuondokea mbele au nyuma. Usikae kati ya mama na mtoto, wala kati ya kundi na maji. Akitanua masikio, akainua kichwa na kukutazama, umemkaribia mno: rudi nyuma taratibu, usipige honi. Akija na masikio yametanuka na kelele, mara nyingi anatisha tu. Akiyalaza masikio, akaukunja mkonga na kuja kimya, amekusudia, na hapo hakuna la kungoja. Dume mwenye majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio, na mkojo unaodondoka miguu ya nyuma, yuko kwenye msimu wa kutafuta majike. Mpe mita 100. Tembo hawa wana kumbukumbu ya majangili wa miaka ya 1970 na 1980, na wapo wazee walionusurika. Subira mnayowapa ni haki yao.

Simba

Madume wengi wa Tsavo wana manyoya haba shingoni, au hawana kabisa. Wale wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 hawakuwa nayo, na hadi leo wanaonyeshwa Field Museum huko Chicago. Kwa hiyo usidhani kila simba asiye na manyoya shingoni ni jike. Tazama upana wa uso na unene wa shingo, na umtazame akisimama. Watafute mapema kwenye makorongo ya mchanga na chini ya vichaka vya kando ya mto. Magari yakishafika 5 pale alipo mnyama, ondokeni, hasa kwa duma, ambaye huwinda mchana na hushindwa akizungukwa.

Gari likikwama mchangani

Acha kukanyaga mafuta mara moja, kila mzunguko wa gurudumu unachimba kaburi lake. Mmoja apande juu ya paa atazame pande zote kwa dakika 2, ndipo wengine washuke, na abaki juu akilinda. Fukua mchanga mbele ya magurudumu yote manne, shusha upepo hadi paundi 18, weka mazulia ya gari au matawi makavu, kisha toka kwa gia ya chini bila kuvuta kwa nguvu. Ukishatoka, jaza upepo tena kabla ya kwenda mbali, la sivyo tairi litachomoka kwenye rimu. Ikishindikana, kaeni garini. Msitembee kwenda kutafuta msaada, hata kama lango linaonekana karibu. Namba ya simu ya askari wa zamu uichukue pale lango unapoingia, na aliyebaki Malindi ajue saa ya kurudi kwenu.

Mwenye nusu siku tu

Asiende Tsavo. Aende msitu wa Arabuko-Sokoke, kama kilomita 20 kusini ya Malindi, karibu na Gede: kilomita za mraba 420 hivi za msitu wa pwani, mkubwa kuliko yote iliyosalia Afrika Mashariki. Chukua kiongozi pale kituo cha msitu cha Gede saa 12 asubuhi, tembea hatua 30, simama, sikiliza majani makavu. Anayechakura humo huenda akawa sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mkubwa kama sungura mdogo, mwenye pua ndefu inayochezacheza kutafuta wadudu. Nje ya misitu michache ya pwani yetu, duniani kote hapatikani. Mkizungumza kwa sauti ya sokoni, hamtamwona.

Kurudi

Uwe umetoka Sala ifikapo saa 9 alasiri, ili giza likukute Malindi. Rudisha upepo wa tairi kabla ya lami, kaza nati za magurudumu, kagua rejeta kama imeziba na mbegu za nyasi, kwa kuwa hapo ndipo joto la injini linapoanzia. Takataka zote zirudi nanyi, pamoja na maganda ya mayai.

Kabla ya kupita lango, jambo moja msiliache. Kama njiani mmeona mnyama anayechechemea, waya uliofungwa kichakani, au digidigi mwenye alama ya kitanzi shingoni, mpeni askari namba ya makutano, saa, na picha. Mitego ya waya hutegwa kwa nyama ya kuuza, na haichagui: iliyowekewa digidigi humkata mguu mtoto wa tembo. Doria haiwezi kupita kila kichaka, na taarifa ya saa 9 alasiri inaweza kufanyiwa kazi kabla ya jua kuzama.